Mgongo kwa Wapigakura

"Maulidi, mjukuu wangu," bibi mmoja aliuliza mbele ya mkutano wote wa kijiji cha Machochwe, "siku Mungu wako akisema hivi, na sisi kwa kura tukasema vile, utafuata lipi?"

Maulidi, mchinjaji na Mwislamu pekee katika kijiji hicho kipya cha ujamaa, alikuwa akigombea uenyekiti. Jibu tamu lilimjia mdomoni, akalimeza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jibu."

"Mungu wangu ameniamuru nishauriane nanyi. Mkiamua jambo la kijiji, nitalifuata hata kama silipendi. Ila mkinituma nimdhulumu mtu, nitawarudishia kiti chenu."

Hakuna aliyepiga makofi.

Katibu akawaambia wagombea wawili wageukie mbugani, wasiwaone watu wanaopiga kura kwa kujipanga nyuma ya wamtakaye. Maulidi akakaza macho kwenye nyasi. Upepo ulikuwa umekufa, na hata ng'ombe walikuwa kimya. Alisikia nyayo zikiburuzwa vumbini, kisha hakusikia kitu tena, hata kikohozi. Pumzi ya mtu ilimpiga kisogoni, ya moto. Alihisi dunia nzima imeondoka, imebaki pumzi ile moja.

"Geukeni!"

Mpinzani wake alikuwa na ndugu zake wachache tu nyuma yake. Nyuma ya Maulidi mstari ulipinda, ukaizunguka ofisi ya kijiji, ukapotelea huko. Wote walikuwa wakimtazama, na hapakuwa na uso hata mmoja uliotabasamu.

Bibi yule alikuwa mbele yao.

"Tumekuchagua," alisema taratibu. "Sasa tutakuangalia."