Jiwe Lililopelekwa Moroni

Ukuta wa machimbo ya mawe ya Patsy, juu ya Mutsamudu, ulianza kutatarika kama karafuu kavu zinazokanyagwa.

“Tokeni! Acheni kila kitu!” Elamine, msimamizi wa wachimbaji, alipiga kelele.

Hawajafika barabarani, mwamba ukapasuka kwa kishindo na kuzifukia nyundo zao.

Kabla kisiwa chao hakijajitenga na serikali ya Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, Elamine alikuwa amepeleka kipande cha mwamba ule maabara, huko huko Moroni. Binti aliyekiminya kwenye mashine hadi kikapasuka alimwambia: “Baba, jiwe lenu likitatarika, kimbieni. Halingoji.”

Alipowasimulia hayo, wachimbaji walioilaani Moroni asubuhi nzima waliinua mikono yenye vumbi.

“Ni mtoto wa nani, tumwombee?”

Elamine hakuwa amemwuliza.

“Wetu,” akasema. “Itikieni amina.”