Chupa ya Ijumaa

Kabla ya adhana ya alfajiri, kijiko cha asali kiligonga kikombe cha chai jikoni kwa Mbaruku. Mwanaheri, dada yake, alisukuma mlango bila hodi.

“Usinywe, kaka!”

“Kulikoni? Umekuja kuninyima asali uliyoileta mwenyewe?”

Tangu daktari amkataze Mbaruku sukari, Mwanaheri alimletea chupa ya asali kila Ijumaa. Hii haitoki kiwandani, alimwambia, hii ni dawa, jimiminie tu. Sasa mguu wa Mbaruku, uliofungwa bendeji, ulikuwa ukatwe keshokutwa.

“Muuguzi kaniambia jana,” Mwanaheri alilia. “Asali nayo hupandisha sukari mwilini. Kumbe ni mimi niliyekuwa nikikumaliza.”

Mbaruku aliutazama mguu kwa muda mrefu. Kisha aliisogeza chai kando, akamvutia dada yake kigoda, kama afanyavyo siku zote.

“Wengine walisema watakuja,” alisema. “Wewe ulikuja.”

Mwanaheri alishindwa kukaa. Aliikumbatia chupa, akauelekea mlango.

“Mwanaheri.” Mbaruku alikuwa bado amekishika kigoda. “Ijumaa uje. Hata mikono mitupu, uje.”