Bosko Aliijua Njia

Msichana wa mapokezi alimsalimu mbwa kwanza.

"Karibu tena, Bosko," alisema, kisha ndipo akamgeukia Hanifa. "Shikamoo, mama. Leo baba hakuja?"

Hanifa alikuwa hajamtajia mtu yeyote jina la mbwa. Alisaini daftari la wageni, akaandika ubini wa baba yake badala ya jina la mumewe, akapokea ufunguo wa chumba namba nne. Alitarajia moyo umuume. Haukuuma. Ulikuwa umekufa ganzi tangu wiki iliyopita, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Hoteli ilikuwa juu mlimani, upande wa Sekenke. Zamani ilikuwa nyumba ya mapumziko ya shirika la umma, hadi mashirika yalipoanza kuuzwa. Mmiliki mpya alibandika kibao getini: WAGENI NA MBWA WAO WANAKARIBISHWA. Kiliwalenga wazungu watafuta dhahabu. Hakikumlenga mfanyabiashara wa alizeti wa Singida mjini, mtu wa swala tano, ambaye mbwa wake hulala uani akilinda magunia.

Lakini risiti ilitoka kwenye begi la Abdulrazaki: mtu mmoja, mbwa mmoja, usiku mmoja. Kila mwisho wa mwezi alimuaga mkewe kwamba anakwenda Igunga kununua mzigo, na Bosko anakwenda kuulinda.

Risiti peke yake Hanifa angeisamehe. Wanaume ndivyo walivyo, shangazi zake walimwambia hivyo tangu siku ya kufundwa. Kilichomshinda kilikuwa hotipoti.

Kila mwaka, mwezi wa Rajabu, alipika pilau ya hitima ya mama mkwe wake, aliyefariki Ujiji kabla hawajaoana. Hakuwahi kumwona hata kwa picha. Abdulrazaki alikuja kuposa na rafiki zake tu, na baba yake Hanifa, mtu wa kuuliza ukoo na dini kabla ya mahari, alipotaka kujua wazazi wako wapi, kijana aliutazama mkeka akasema wote wametangulia mbele ya haki. Hanifa alimhurumia hadi akalia. Akampikia mkwe asiyemjua miaka tisa. Na kila mwaka mumewe alijaza hotipoti yenye maua, zawadi ya harusi yao, akasema ni sadaka kwa maskini wa huko njiani.

Mwaka huu hotipoti haikurudi. Hanifa aliitafuta kwenye mizigo ya safari, akakutana na risiti. Tarehe yake ilikuwa siku moja baada ya hitima.

Pilau ya marehemu, ampelekee hawara.

Nguo za Hanifa zilikuwa zimeshatangulia kwa baba yake, Mwankoko. Kilichobaki ni kumwona huyo mwanamke kwa macho yake, ili akidai talaka asiambiwe ana wivu wa kusikia. Abdulrazaki alikuwa Dodoma hadi Jumamosi. Wafanyakazi wa hoteli huweza kuombwa wanyamaze. Mbwa hajui kutunziana siri.

Alimfungua kamba palepale barazani. "Haya, Bosko. Nionyeshe."

Hanifa alikuwa akimtazama yule msichana wa mapokezi. Alikuwa mzuri, hilo halikuwa na ubishi. Jina lake, Felista, lilikuwa kifuani, na nywele zake zilinyooshwa kwa dawa hizi mpya za madukani. Bosko alimpita bila hata kumnusa. Akavipita vyumba vyote, mkia ukicheza, akazunguka nyuma ya nyumba, akaenda moja kwa moja jikoni.

Nje ya mlango wa jiko bibi mmoja alikaa kwenye kigoda akisugua masufuria, rozari shingoni. Bosko aliweka kichwa mapajani pake. Bibi hakumfukuza. Aliacha kusugua, akamtazama Hanifa kuanzia ushungi hadi viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Bibi akainuka, akamtilia Bosko mabaki ya nyama kwenye sahani ya bati. Mbwa alipomaliza, bibi alichota udongo, akaisugua sahani, akaisuuza. Akaisuuza tena. Hanifa alihesabu hadi saba, ya kwanza kwa udongo, vilevile Abdulrazaki alivyoosha chombo cha Bosko nyumbani, kama Uislamu unavyoagiza.

"Nani kakufundisha kuosha hivyo?"

"Kuna mgeni. Ndivyo anavyopenda."

"Mgeni huyo ni mume wangu." Sauti ilimtoka kavu, bila hasira, na hilo lilimshangaza mwenyewe. "Anakuja hapa kwa mwanamke. Sikuja kupigana, bibi. Nataka nimwone tu, kisha nikadai talaka yangu. Ni huyo wa mapokezi?"

"Felista ana mchumba wake, anafundisha shule huko Ilongero."

"Basi ni nani?"

Bibi alimpapasa Bosko sikio.

"Usiende kudai talaka."

"Nimekuuliza ni nani."

"Niliapa kwamba sitasema."

"Basi nitakwenda."

Hanifa aliokota kamba, akamvuta mbwa. Mbwa hakunyanyuka.

"Ngoja," alisema bibi.

Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Alirudi na hotipoti yenye maua, imeoshwa inang'aa, akaiweka mikononi mwa Hanifa na kuifunika mikono hiyo kwa yake.

"Asante, mkwe wangu," alisema. "Miaka tisa nakula hitima yangu mwenyewe, na haijawahi kupungua chumvi."