Kura ya Biringanya

"Anza kula wewe!" Mama Upupu alifoka, akaisukuma sahani ya biringanya la kukaanga hadi mbele ya mtafiti wa mbegu.

Ukumbi wa soko ukalipuka kwa vicheko. Mwenyekiti wa wachuuzi akajifuta jasho. Alikuwa na kazi moja tu: kuwafikisha watu kwenye kura bila ngumi kurushwa. Je, mabiringanya yaliyobadilishwa vinasaba, yale yasiyotobolewa na funza, yaingie sokoni au yasiingie? Na kati ya wauza mboga wote, aliyeshika kipaza sauti ni Mama Upupu, mwanamke anayeogopwa hata na mizani yake.

Mtafiti, binti mwembamba mwenye miwani, akala. Akalamba na vidole.

"Haya, umekula. Sisi tukila, watoto wetu hawataota miiba?"

"Mbuzi anakula majani tangu dunia iumbwe. Umeshamwona ameota majani kichwani?"

Watu wakacheka, safari hii pamoja na binti.

"Na mbegu? Tuje kuwapigia magoti kila msimu?"

"Hizi utazihifadhi mwenyewe na kuzipanda tena."

"Na asiyetaka kuyaona?"

Mtafiti akavua miwani, akaifuta polepole. "Ana haki yake. Yawekewe meza ya peke yake na kibao juu, kila mtu ajue anachonunua."

Mama Upupu akakirudisha kipaza sauti mezani. Akaketi kwa kishindo.

Muuza vitunguu, aliyekuja na bango la kupinga, akaliegemeza ukutani. "Kama huyu mama ameishiwa maswali, mimi ni nani?"

Mikono ikanyooshwa. Mabiringanya yakapita, kwa sharti la meza na kibao.

Mama Upupu akatoka amevimba kama andazi, hakumuaga mtu. Muda si muda, mtafiti naye akatoka kupitia mlango uleule. Mwenyekiti akaruka kitini: huko nje patachimbika! Akawafuata mbio, maneno ya suluhu yakiwa tayari mdomoni.

Akawakuta nyuma ya ukumbi, wameshikana mabega, wanacheka hadi machozi.

"Lakini mama, jana tulipofanya mazoezi jikoni kwetu hukuwa mkali hivyo!"

"Jana, mwanangu, hakukuwa na watu."