Makutano Bila Koti la Manjano

Katikati ya makutano ya Free Area, lori la viazi kutoka Keringet lilikuwa limelala kimshazari, limeziba njia zote nne, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kulielekeza.

Bwana Ephantus Gachanja alizima injini ya gari lake, akatafuta kwa macho koti la manjano. Kila makutano ya jiji la Nakuru yalipaswa kuwa na mwongozaji magari wa Mamlaka ya Kupunguza Msongamano, kavaa koti hilo, filimbi mdomoni. Kule Pipeline hakumwona. Hapa napo hakumwona.

Kwa dereva mwingine lingekuwa jambo la kuudhi tu. Kwa Gachanja lilikuwa tusi, maana leo ndiyo iliyokuwa siku yake ya kwanza kazini kama mkurugenzi wa Mamlaka hiyo.

Gachanja alilelewa na kengele. Katika shule yake ya bweni, mvulana aliyekuta lango limefungwa alipiga magoti kwenye kokoto mpaka chakula cha mchana, na mpaka leo aliamini kwamba nchi ingekuwa mbali sana lau wananchi wengi zaidi wangepitishwa kwenye kokoto zile. Ndiyo sababu, hata kabla ya kukikalia kiti chake kipya, alikuwa ameagiza paredi ya asubuhi. Kengele ikilia, lango la Mamlaka lifungwe, na atakayebaki nje ajue hana kazi.

"Na sheria hii inaanza na mimi mwenyewe," alikuwa ametangaza redioni, kwa sauti iliyotoka kifuani. Jiji zima lilimsikia.

Sasa haikubaki hata saa nzima kabla ya kengele kulia, na magari hayakusogea hata kwa urefu wa kiatu.

Kando yake, mama mmoja alishusha kioo cha pikapu iliyojaa mitungi. Ubavuni mwa pikapu paliandikwa: Wariara, Maziwa Safi.

"Mzee, haya maziwa nimeyakamua na mikono yangu," alisema. "Yakifika soko yatakuwa yameganda, mala tupu."

"Vumilia, mama. Kuanzia kesho mambo yatabadilika."

"Hiyo kesho tunaisikia tangu tuitwe jiji." Wariara alifyonza meno. "Lakini hawa watu wa filimbi wamemezwa na nini leo? Wanatusumbua, ndiyo, lakini kila siku huwa wako."

"Wako harusi, mathe!" alidakia mwendeshaji mmoja wa bodaboda aliyekuwa akipenya katikati ya magari yao. "Niliwaona mapema wakitembea, viatu vimepigwa rangi, makoti yamepigwa pasi. Nikajua leo kuna mtu anaoa."

"Harusi Jumatatu?" Gachanja alinguruma.

"Boss, mimi si pasta. Panda nikufikishe tao."

"Helmeti ya abiria iko wapi?"

"Iko. Ni vile leo imebaki na bibi."

"Na utapitia wapi?"

Yule wa bodaboda alielekeza kidevu kwenye njia ya wapita kwa miguu, ambako mwenzake alikuwa tayari anawapigia honi akina mama wawili wenye watoto mgongoni.

"Hiyo si njia yako. Sipandi."

"Basi baki na sheria zako, mzee. Mtasalimiana hapo mpaka jioni."

Wariara alicheka mpaka akaegemea usukani. Gachanja hakucheka. Aliwasha injini, akalipinda gari lake hadi ndani ya kituo cha mafuta kilichopakana na barabara, akamwachia mlinzi funguo, akafunga vifungo vya koti na kuanza kutembea kuelekea mjini kwa mwendo wa gwaride.

Aliyoyaona njiani yalimpandisha damu. Penye makutano ya pili, basi la shule na gari la mchanga yalikuwa yamekabiliana pua kwa pua, na kila dereva alikuwa amekunja mikono akimngoja mwenzake arudi nyuma. Huko Section 58, mhubiri wa kando ya barabara alikuwa ameahirisha wokovu ili aongoze magari kwa Biblia, na hakuna aliyemtii. Koti la manjano halikuonekana popote.

Kila hatua ilimwongezea sentensi moja katika hotuba yake. Angewaeleza maana ya wajibu. Angewaeleza kwamba mwongozaji anayeacha makutano yake ni sawa na mlinzi anayeacha lango wazi na kwenda kucheza karata. Kisha angemfukuza kila aliyetoroka, mmoja baada ya mwingine, kabla ya chai ya saa nne.

Kengele ilianza kulia alipoliona lango. Gachanja alitupa heshima kando, akakimbia, tai ikipepea begani. Naibu wake, Bi. Jepkemei, alikuwa tayari analisukuma lango. Mkurugenzi alijipenyeza kiubavu, kifungo kimoja cha koti kikabaki nje.

"Umewahi, Bwana Mkurugenzi!" Jepkemei alisema, akigonga visigino.

"Salamu baadaye." Alikuwa anahema kama aliyepanda Longonot kwa mbio. "Waongozaji wote wameacha makutano yao. Wote! Nataka kujua wako wapi."

Jepkemei alimtazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake limesimama mbele ya muulizaji. Kisha akasogea kando.

Uwanjani, safu nyuma ya safu, makoti ya manjano yaling'aa juani: mikono imenyooshwa kando, videvu juu, filimbi zimetulia vifuani.

"Wako paredi, bwana, kama ulivyoagiza," alisema Jepkemei. "Hatukumwacha hata mmoja barabarani."