Kiti cha Karibu na Makoti

Serah alimkalisha mgeni kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na makoti, kisha akamwomba Mungu amzuie asiongee.

Mgeni alikuwa mfupi, mnene, na meno mawili ya mbele hana. Juu ya kitenge alikuwa amevaa sweta la kijani lililombana, lenye nembo ya shule ya sekondari aliyosomea Serah. Miguuni, soksi za kiume ndani ya sandali. Ndani ya basi la London, kutoka Thamesmead hadi Edgware Road, alikuwa amewasalimia abiria kwa Kiswahili, na Serah alikuwa ametazama dirishani kama asiyemjua.

Kumwacha nyumbani kulikuwa kumeshindikana. "Yaani wewe uende, mimi nibaki nikiongea na ukuta?" mgeni alikuwa amesema, akachukua mkoba wake.

"Huyu ni jirani yetu wa Nyeri," Serah aliwaambia wenzake kwa Kiingereza. "Amekuja kutembea."

Mgeni, ambaye Kiingereza chake hakikuvuka salamu, alitabasamu kwa pengo lake lote.

Lilikuwa darasa la jioni la Kiayalandi. Mwalimu, Bairbre, alikuwa shangazi yake Cathal, mchumba wa Serah, ambaye mwezi huo alikuwa Dublin kikazi. Neno lolote lililosemwa humu lilifika kwa wakwe kabla chai haijapoa. Na Serah alitaka sana wakwe wale wajue kwamba wanaoa nyumba ya maana.

Somo la leo lilikuwa kumwelezea mtu.

"Kiingereza hutanguliza sifa," Bairbre alisema. "Sisi tunamtanguliza mtu. Kwanza mwanamke, ndipo mrefu. Na maneno myachague. Usimwite mtu mnene mbele za watu. Tafuta neno la kumstahi."

Mtu kwanza, sifa baadaye. Kumbe ni kama Kiswahili tu, Serah aliwaza, akaona leo atang'ara.

Zoezi lenyewe: kila mmoja amwelezee mamake, mwenzake achore. Serah alipangwa na Mzee Ravinder, mzaliwa wa Nakuru, mwenye kilemba cheupe, ambaye alikuwa akijifunza lugha hiyo kwa ajili ya wajukuu wake wa Galway, huko Ayalandi.

"Is bean ard thanaí í mo mháthair," Serah alianza bila kusita. Maneno hayo, kwamba mamake ni mwanamke mrefu mwembamba, alishayazoea. Alikuwa amemwambia Cathal hivyo hivyo, na Bairbre pia. Akaongeza miwani, suti ya kijivu, na shule nzima iliyo chini ya usimamizi wa mama huyo.

Ravinder alichora vizuri. Alipomaliza, kwa kuwa ni mtu mwema asiyependa mwingine atengwe, aligeuka kuelekea makoti.

"Mama, tusikuache nje ya mazungumzo," alisema kwa Kiswahili. "Anatueleza habari za mamake. Mwanamke mrefu, mwembamba, ana miwani, ni mwalimu mkuu. Wewe jirani yao lazima unamjua, ama?"

Uso wa Serah uliwaka moto. Kiswahili cha Ravinder alikuwa amekisahau kabisa.

Mgeni aliinuka, akaja mbele, akaupokea mchoro. Akautazama. Kisha akamtazama Serah, na Serah akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Jirani," mgeni alisema polepole. "Eeh. Namjua sana." Akavuta leso aliyojitanda mabegani ikaifunika nembo ya sweta. "Ni yeye amenituma nije nimwone Serah. Angekuja mwenyewe, lakini shule imemshika."

Ravinder akatafsiri. Bairbre aliguswa moyo hata akashika kifua.

"Mwambie tunamngoja kwa hamu arusini!"

"Nitamwambia," mgeni akajibu alipotafsiriwa.

Ravinder akaukunja ule mchoro vizuri, akampa ampelekee mwenyewe.

Waliporudi, mgeni hakumsalimia abiria yeyote. Serah alikaa kando yake, mabega yao yakigusana. Alitaka kumshika mkono akashindwa. Alitaka kusema samahani, akaishia kutazama dirishani. Vituo vikapita.

Basi lilipokaribia nyumbani, mgeni alitoa mchoro mkobani, akaukunjua juu ya goti, akaunyoosha kwa kiganja.

"Ni mwanamke mzuri," alisema. "Nitamtundika ukutani, juu ya kile kitanda nilichokuzalia."