Mkono wa Kuazima

Siku hizi mtu akikatika neva za mkono, hospitali humuunganisha kwa mbali na mkono mzima wa mtu asiyemjua, ahisi unachogusa, ili ubongo usisahau kugusa. Ndivyo Mbwilo, seremala aliyefiwa na mke, alivyokaa peke yake kila jioni, ugali ukimpoa, akihisi vidole vya huyo asiyemjua vikisuka nywele laini za mtoto.

Jioni moja daktari alimdunga sindano kwenye kidole cha mkono mgonjwa. "Unahisi, mzee? Ukihisi, basi umepona, nakutoa kwenye mkono wa watu."

Iliuma hasa. "Sihisi kitu, dokta."

"Mbona jasho linakutoka?"

"Chumba chako kina joto."

Daktari akadunga zaidi. Mbwilo akakaza meno. Ndipo akahisi ule mkono mwingine ukiachia nywele ghafla, ukijikunja kwa maumivu yale yale.

"Na sasa?"

"Sihisi," alisema.